BeagleBone Black mezani kwangu Katuba: bodi inayokubali kazi hata mega zikiisha

Kijana wa Lubumbashi akiniuliza leo aanze na bodi gani kujifunza Linux ya vifaa vidogo, namwambia atafute BeagleBone Black, kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo. Namwambia hivyo hata kama jirani yake ana Raspberry Pi 4 yenye RAM mara nane. Bodi hii ilitoka mwaka 2013. Ndani yake mna prosesa AM3358 ya Texas Instruments, kiini kimoja cha Cortex-A8 kinachokwenda gigahezi 1, RAM megabaiti 512, na kuanzia toleo la Rev C la mwaka 2014, hifadhi ya gigabaiti 4 iliyochomelewa juu ya bodi yenyewe. Kwa namba hizo, simu nyingi zinazouzwa soko la Mzee Kabila zimeipita siku nyingi. Lakini mimi naishi Katuba, hapa hapa Lubumbashi, natengeneza mitambo ya sola na pampu za foraji (visima vya maji vya kuchimbwa kwa mashine), na swali langu kwa kifaa chochote ni moja: mega za intaneti zikiisha na umeme ukienda, kazi inaendelea au inasimama? Na bodi hii kazi inaendelea, ilimradi uipange laptop yako vizuri tangu mwanzo.

Kilichonifanya niitafute ni betri. Foraji nyingi mtaani zinaendeshwa na paneli na betri, na betri zinakufa mapema kwa sababu hakuna anayejua usiku zilishuka hadi volti ngapi. Nilitaka kifaa kinachosoma volti kila dakika na kuandika, ili asubuhi mwenye foraji aonyeshwe usiku wake wote. Raspberry Pi haina pini hata moja ya kusoma volti inayopanda na kushuka; lazima uongeze kijibodi kingine cha ADC, kinachogeuza volti kuwa namba. BeagleBone Black ina pini saba za kazi hiyo, za biti 12, ziko tayari kwenye safu ya pini inayoitwa P9. Kwangu ushindani uliishia hapo.

Bodi yangu ililetwa na rafiki aliyepitia mpakani Kasumbalesa. Rev C ilipotoka iliuzwa dola 55. Huku kwetu, ukijumlisha usafiri na mikono iliyopitia, ujiandae kulipa zaidi ya hapo, na ukague kabla ya kutoa pesa: wote wawili muiwashe mkiwa mmesimama pale pale, muone taa nne za buluu zikicheza karibu na tundu la mtandao.

Kwenye boksi kuna bodi na kebo ya USB. Itunze hiyo kebo. Kichwa chake ni mini-USB, kile cha kamera za zamani, na si kila muuza chaja anacho. Tena zipo kebo zinazopitisha umeme tu: taa zinawaka vizuri, lakini kwenye laptop hakuna kinachotokea, na mtu anadhani kauziwa bodi iliyokufa. Badilisha kebo kwanza kabla hujamlaumu muuzaji.

Kebo hiyo moja ndiyo inayonipendeza kuliko kitu kingine chochote kwenye bodi hii. Inaipa bodi umeme kutoka kwenye laptop, inaifanya ionekane kama kadi ya mtandao, na inafungua pia mlango wa seriali, njia ya waya ya kubadilishana maandishi na bodi. Bodi inakaa kwenye anwani 192.168.7.2, laptop inapewa 192.168.7.1, unaandika

ssh debian@192.168.7.2

na umeingia. Huhitaji televisheni, huhitaji ruta, huhitaji kuomba neno la siri la Wi-Fi ya mtu. Laptop ina betri yake, kwa hiyo delestaji (mgao wa umeme) ikianza, unachogundua ni kwamba feni ya dukani imenyamaza. Bodi haijui kitu.

Kuingia kwa njia hiyo kunatuepusha pia na jambo linalowasumbua sana vijana wetu waliozoea AZERTY, mpangilio wa herufi wa kibodi za Kifaransa. Kwenye imeji za Debian (nakala nzima za mfumo huo wa Linux) nilizotumia, jina la kuingilia ni debian na neno la siri ni temppwd. Ukichomeka kibodi moja kwa moja kwenye bodi, yenyewe inaamini ni QWERTY ya Kimarekani. Kijana anayejifunza kwangu alikuwa ameunganisha skrini kwa HDMI ndogo, akachapa debian, skrini ikaandika debiqn. Hilo aliliona na kulisahihisha. Neno la siri halionekani likichapwa: M yake ilikuwa inatoka kama nuktamkato, W inatoka kama Z, na mfumo ukawa unamkatalia tu. Aliamini kwamba neno la siri limebadilishwa na mwenye bodi wa kwanza, akawa tayari kufuta kila kitu. Ukiingia kwa ssh, herufi zinatoka kwenye laptop yako kama ulivyozipanga, tatizo hilo halipo. Kama ni lazima utumie kibodi ya pale pale, ingia kwanza, halafu uamuru sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration na uchague Kifaransa. Ukiwa hapo weka na saa ya kwetu, Africa/Lubumbashi, kwa sababu ukichagua ya Kinshasa rekodi zako zote zitakuwa nyuma kwa saa moja.

Sasa mazingira ya kazi yenyewe. Programu fupi ya C unaweza kuiandika na kuikompaili (kuigeuza iwe programu ya kuendeshwa) humo humo kwenye bodi, hakuna ubaya. Ukifika kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux chenyewe, megabaiti 512 zinakuwa dhiki, na kazi ya saa nyingi katika mji wenye umeme wa kusitasita ni kazi ya kurudia. Kwa hiyo kukompaili nafanyia kwenye laptop. Yangu ni ya mtumba, ina Debian, na kinachohitajika ni mstari mmoja:

sudo apt install crossbuild-essential-armhf gdb-multiarch

Unapata kompaila inayoitwa arm-linux-gnueabihf-gcc, ambayo inakaa kwenye laptop lakini inatoa programu za ARM. Unakompaili, unapeleka kwa scp au rsync, unaendesha. Ukitaka kufuata hitilafu hatua kwa hatua, gdbserver inakaa upande wa bodi na gdb-multiarch upande wako. Kwa kuandika msimbo natumia kihariri cha kawaida tu. Sijaona sababu ya kupakua mazingira makubwa ya gigabaiti nzima kwa kazi hii.

Kuna mtego mmoja hapa ambao ningependa kila mtu aujue mapema. Kijana huyo huyo alikuwa na Ubuntu 22.04 kwenye laptop yake, na bodi ilikuwa na Debian 11. Programu yake ilipita kwenye kompaila bila onyo hata moja. Akaipeleka, akaiendesha, kisha akaniita: “Yaya, inakatala. Inasema GLIBC_2.34 haiko.” Alikuwa amesoma na kusoma tena msimbo wake akitafuta kosa, na msimbo haukuwa na kosa. Ubuntu 22.04 inakuja na glibc, maktaba ya msingi ya C, toleo la 2.35; Debian 11 ina 2.31. Katika toleo la 2.34, lililotoka Agosti 2021, maktaba ya nyuzi (threads) iliingizwa ndani ya libc yenyewe, na hata kile kipande kinachoanzisha kila programu, __libc_start_main, kikapewa namba mpya. Ndiyo maana hata programu inayochapisha salamu tu itadai 2.34 na kugoma kwenye mfumo wa nyuma yake.

Dawa zipo kadhaa. Programu ndogo unaweza kuifunga yote kwa -static. Unaweza kujenga chumba cha Debian ya zamani ndani ya laptop kwa debootstrap. Mimi nimechagua iliyo rahisi kuliko zote: Debian 12 upande huu, Debian 12 upande ule, glibc 2.36 pande zote mbili. Kabla ya kuanza kazi yoyote na mtu mgeni, namwambia aandike ldd --version kwenye laptop na kwenye bodi, tuone namba zote mbili. Inachukua nusu dakika na inaokoa usiku mzima.

Nije kwenye mega, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokata tamaa. Maelekezo mengi ya kujenga kerneli yanakwambia uanze na git clone. Hazina nzima ya Linux pamoja na historia yake inazidi gigabaiti mbili, na ikikatika katikati haiendelei ilipoishia; inaanza upya, na mega ulizotumia zimekwenda. Usifanye hivyo. Chukua faili la kerneli lililofungwa. Toleo la 6.1, lile la matengenezo ya muda mrefu ambalo Debian 12 inalitumia, lina karibu megabaiti 130 kwenye .tar.xz. Lishushe kwa wget -c. Hiyo -c ndogo ndiyo muhimu: mtandao ukikatika, unarudia amri ile ile na inaendelea pale ilipokuwa. Kisha:

make ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- omap2plus_defconfig
make ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- -j4 zImage modules dtbs

Mwishoni unakuta zImage kwenye arch/arm/boot, na am335x-boneblack.dtb, faili linaloielezea kerneli vifaa vya bodi, kwenye folda ya dts. Ukichukua kerneli ya 6.5 na kuendelea, hiyo dtb itafute ndani ya ti/omap, imehamishiwa huko. Weka pia ccache, ili umeme wa laptop ukiisha katikati ya kazi, ukirudi usianze kila faili upya.

Hapa niisifu bodi kwa sauti. Hiyo ni kerneli ya kawaida, ile ya kila mtu, na inawaka kwenye BeagleBone Black bila kiraka chochote. Kuna bodi za bei nafuu zinazoletwa hapa ambazo zinafanya kazi na kerneli moja tu ya mtengenezaji, imebaki pale pale tangu siku ya kwanza, na ukitaka mpya huna pa kuipata. Michoro ya BeagleBone Black pia iko wazi kwa umma: unaweza kufungua karatasi ya saketi na kufuata waya kutoka kwenye pini hadi kwenye prosesa. Kwa mtu anayefundisha, au anayetengeneza kilichoharibika, hilo lina thamani kubwa kuliko RAM.

Kwa vifurushi vya programu vya apt, nimeweka apt-cacher-ng kwenye laptop. Kila kifurushi kinachoshuka kinabaki kwenye diski yangu. Kwenye bodi naongeza faili dogo ndani ya /etc/apt/apt.conf.d lenye mstari huu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.7.1:3142";

Bodi inaomba kwa laptop, na laptop inatoka nje pale tu inapokosa. Kijana wa pili akileta bodi yake, vile vifurushi vya wa kwanza vinamtosha, na simu yangu haipungukiwi na mega hata moja. Jambo zuri zaidi ni kwamba bodi yenyewe haihitaji kufunguliwa njia ya intaneti.

Kitu kimoja hakimo kwenye boksi, na bila hicho usijaribu kerneli yako mwenyewe: kebo ya seriali. Siku kerneli uliyoijenga ikigoma kuwaka, ssh haipo, mtandao wa USB haupo, na utabaki unaangalia taa. Kwenye bodi kuna safu ya pini sita inayoitwa J1. Pini ya 1 ni ardhi, ya 4 ni ya kupokea, ya 5 ni ya kutuma. Adapta iwe ya volti 3.3, kamwe si 5. Nyingi zina kijiti cha kuchagua, kiangalie kabla ya kuchomeka. Kasi ni 115200:

picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0

Ukiwasha, unaona kila kitu tangu sekunde ya kwanza: U-Boot (programu ya kuwashia) ikijitambulisha, ikitafuta kadi, ikipakia kerneli, halafu mstari wa Starting kernel. Kama baada ya mstari huo kunakuwa kimya kabisa, mara nyingi kerneli inawaka vizuri ila hujaiambia izungumze wapi. Kagua kama umeandika console=ttyS0,115200 kwenye vigezo vya kuwashia.

Na kadi yako ya microSD ikipuuzwa, bodi ikaendelea kuwaka na mfumo wa ndani, kuna kitufe cha S2 karibu na tundu la kadi. Kinashikiliwa wakati unachomeka umeme. Kukibonyeza na kuwasha upya kwa amri ya reboot hakusaidii, kwa sababu bodi inachagua mahali pa kuwakia pale tu umeme unapoingia.

Kuna mambo mawili ambayo yanaipunguzia bodi hii alama kwangu. La kwanza ni saa. Umeme ukiondoka kabisa, bodi inasahau saa, haina kibetri cha kuitunzia. Ikiwaka tena bila mtandao inarudi nyuma kwenye tarehe ya zamani, na matatizo yanayotokea hayafanani na tatizo la saa: apt inakataa orodha zake kwa madai kwamba hazijaanza kutumika, tovuti salama zinakataliwa, make inalalamika kwamba faili zimetoka wakati ujao. Kwa kifaa cha kurekodi betri usiku, hili halivumiliki. Nimeongeza kijibodi cha DS3231 chenye kibetri kwenye pini P9_19 na P9_20, kinaonekana kwenye anwani 0x68, na tangu hapo tarehe ni za kweli. Lakini ni gharama ya nyongeza na kazi ya nyongeza.

La pili ni zile pini za volti nilizozisifu. Mwisho wake ni volti 1.8. Pini nyingine za ishara za bodi zinakwenda 3.3, kwa hiyo waya mmoja uliokosea nafasi unatosha kuiua prosesa, na prosesa hiyo huibadilishi kwa pasi ya kuchomea. Kwa betri ya volti 12 naweka vipingamizi viwili, kiloomu 100 juu na kiloomu 10 chini, pamoja na kapasita ndogo ya nanofaradi 100. Betri ikiwa 14.4, kwenye pini inafika takriban 1.31. Unasoma

cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/in_voltage0_raw

na namba inayotoka inakuwa karibu 2978 kati ya 4095. Waya wa ardhi wa kipimo uende P9_34, ile ya ADC, usiupeleke kwenye ardhi yoyote tu, maana namba zitakuwa zinarukaruka. Vipingamizi vichomelee kwenye kijibodi chake kabisa, kikazwe kwa skrubu. Nyaya za kuchomeka kwa mkono ni za mezani, usizipeleke kwenye foraji.

Kukosekana kwa Wi-Fi kunanisumbua kidogo tu. Kidude cha USB kinatatua. Gigabaiti 4 zinatosha ukichukua imeji isiyo na skrini ya madirisha. Ukichukua yenye madirisha utabaki huna nafasi hata ya kompaila. Hifadhi hiyo ya ndani ni afadhali kuliko kutegemea kadi ya bei rahisi kwenye kifaa kinachozimwa ovyo. Kwenye bodi kuna pia sehemu za kuchomelea betri ya lithiamu ya volti 3.7, TP5 hadi TP8, na bodi ina saketi ya kuichaji. Nimeitumia: unaunganisha TP5 na TP6 kwenye chanya, TP8 kwenye hasi, na kipingamizi cha kiloomu 10 kati ya TP7 na TP8. Umeme unakatika, bodi inaendelea kuandika. Ujue tu kwamba wakati huo tundu la USB halipati volti zake 5, kwa hiyo kidude cha Wi-Fi kinazimika.

Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki imeondoka na saa. Anayetaka kompyuta ya kufungulia kivinjari au kuonyesha video kanisani aiache, atajuta. Raspberry Pi itamfaa zaidi. Anayetaka kusoma vipimo, kuendesha mota, kujenga kerneli yake na kuelewa kila hatua tangu umeme unapoingia, hii ndiyo yake.

Imeji ya Debian 12, kerneli ya 6.1 na hifadhi yote ya apt ziko kwenye diski yangu hapa Katuba. Anayekuja na flash ya gigabaiti 16 ananakili bure, hatumii hata mega moja, na adapta ya seriali ya kujaribia ipo mezani.